Sufuria Isiyo na Kalai

Baada ya ukarabati, jikoni mwa nyumba ile kulikuwa na kila kitu isipokuwa harufu ya chakula. Kulikuwa na kaunta ya marumaru nyeusi ambayo haikutakiwa kudondokewa ndimu. Kulikuwa na makabati yasiyo na vishikio. Ukiyagusa kwa kidole yanafunguka yenyewe, ukiyagusa kwa kidole chenye mafuta unasemwa siku tatu. Na kulikuwa na jiko la kioo linalopika kwa sumaku, ambalo lilikuwa na maringo yake. Ukiliwekea sufuria ya alumini linakataa, ukiliwekea ya shaba linalia mara tatu na kuzima. Lilitaka vyombo vilivyonunuliwa duka moja na lenyewe.

Kwa hiyo vyombo vya Mama vilipoteza kazi vyote kwa siku moja. Havikutupwa, maana mkwewe, mke wa mwanawe wa mwisho, hakuwa mtu wa kutupa, alikuwa mtu wa kupamba. Tawa la chuma, lililochoma chapati miaka arobaini mpaka uso wake ukawa mweusi na laini, lilitobolewa katikati, likatiwa mishale na betri, likawa saa ya ukutani. Mkebe wa viungo, ule wa duara wenye vikopo saba ndani yake, ulihamia chumba cha kulala. Hereni zikakaa mahali pa haradali, pete zikakaa mahali pa uwatu, na kwa miezi miwili masikio ya mwenye hereni yalinukia jira. Jiwe la kusagia liliwekwa mlangoni kuzuia mlango usijipige kwa upepo. Na sufuria kubwa ya shaba, ambayo Mama alikuja nayo siku ya kuolewa kama mama yake alivyokwenda nayo ya kwake, ilipelekwa kwa fundi anayeng'arisha rimu za magari. Ikarudi inawaka kama taa, ikatiwa maua ya plastiki, ikasimamishwa sebuleni.

Mkwe huyo majirani walimwita Bi Marumaru, na walilitumia jina hilo kwa uhuru zaidi alipokuwa hayupo. Alipenda sana mapishi ya Kihindi ya kijadi, yale ya ukoo wao wote wawili, yeye na mumewe. Aliyapenda yakiwa ukutani, yamefutwa vumbi. Ya kwenye sahani aliyanunua kwenye pakiti, yakiwa yameshapikwa, akayapasha moto dakika mbili.

Siku sufuria iliporudi, Mama aliinama akachungulia ndani, akabaki ameinama kwa muda.

"Mkwe, wameitoa kalai," alisema.

"Wametoa uchafu, Mama. Humo ndani kulikuwa na weupe weupe umegandamana, fundi kahangaika nao saa nzima."

Weupe huo ndio uliokuwa kalai. Ni madini laini ambayo fundi huyapaka kwa moto ndani ya chombo cha shaba, ili chakula kisigusane na shaba yenyewe. Chombo kikiwa hakina kalai, ukimwaga humo kitu kikali kama ukwaju, ndimu au maziwa ya mgando, ule ukali unaila shaba, na wewe unavila vyote viwili. Mama alikuwa akiipeleka sufuria yake kwa fundi wa kalai kila mwaka bila kukosa, na alitaka kuyaeleza haya yote. Alifika katikati ya sentensi ya pili. Bi Marumaru akamwambia asijitie wasiwasi, sufuria ni ya maua, na maua ya plastiki hayaumwi tumbo. Mama akanyamaza.

Alikuwa ameanza kuizoea kazi ya kunyamaza. Wiki iliyotangulia, fundi wa makabati aliingia chumbani kwake na futi kamba, akamsalimia vizuri tu, akamwomba ainue miguu apime chini ya kitanda. Ndivyo Mama alivyojua kwamba chumba chake, kilichopakana na jiko, kitakuwa stoo ya vyakula. Mwanawe alikuja kumwambia baadaye, amesimama mlangoni, kwamba Jumatano ya wiki ijayo angekwenda kwa dada mkubwa, yule fundi cherehani mwenye vyumba viwili, akapumzike. Mama hakuwa na habari kwamba amechoka. Aliuliza atapumzika mpaka lini, akajibiwa kwamba hilo wataliangalia.

Hakutaka kwenda. Binti yake alimpenda, lakini kule angelala na wajukuu watatu kitanda kimoja, na hapa ndipo alipomuuguza marehemu mumewe, na huyu mwanawe wa mwisho alikuwa bado mwanawe. Alichokuwa anakitaka katika dunia hii kilikuwa ni kubaki katika kile chumba. Aliona aibu kukiomba.

* * *

Mwanawe alikuwa afisa katika kampuni ya bima, na alipenda kuitwa Afisa hata nyumbani, kwa hiyo tumwite hivyo. Siku ya Jumatano, wiki moja kamili kabla ya safari ya kupumzika, Afisa alirudi kutoka kazini uso umempauka.

Ilikuwa hivi. Mkuu wa kitengo cha madai alikuwa anastaafu, na kiti chake kilikuwa kinatafuta mtu. Mkurugenzi, katika maongezi ya kawaida kwenye korido, alisema kwamba vyakula vya hotelini vimemchosha, kwamba siku hizi hakuna tena nyumba inayopika Kihindi kama zamani, kwa moto na jiwe na shaba. Afisa, ambaye kwa miaka sita alikuwa akitafuta neno la kumwambia Mkurugenzi kwenye korido, aliliona. Akasema kwake wanapika hivyo hivyo kila siku. Mkurugenzi akamwambia basi yeye na mke wake watakuja Jumamosi mchana.

Bi Marumaru alikaa chini. Aliliangalia jiko lake la kioo, akaiangalia saa yake ya tawa. Ilikuwa inasonga.

"Kwa hiyo nani atapika?" aliuliza.

Wote wawili waliuangalia mlango wa chumba kilichopakana na jiko.

Walikwenda pamoja, na walibisha hodi, jambo ambalo lilimshtua Mama kidogo. Afisa alikaa kitandani. Bi Marumaru alimwita "Mama yetu", na Mama aliposikia hiyo "yetu" akajua kwamba kinachokuja ni kikubwa. Waliomba awasaidie kidogo tu, wasingependa achoke, na yeye anajua vile vidude vidude vya zamani. Mama alikubali kabla hawajamaliza. Tuseme ukweli, alifurahi. Alijiambia kwamba mtoto akiila tena dengu ya mama yake, akamwona bosi wake anairamba vidoleni, huenda akaikumbuka ile futi kamba akaona haya.

Akataja anachohitaji. Jiko la mkaa, kwa sababu lile la kioo hawaelewani. Mkebe wake wa viungo. Jiwe lake la kusagia. Haradali, jira, giligilani, uwatu, manjano, mvuje kidogo, ukwaju mpya na samli ya kweli.

"Mvuje ndio ule unaonuka?" Bi Marumaru aliuliza.

"Ukiwa mbichi. Ukiingia kwenye samli ya moto unajirekebisha."

Ilibidi kuwe na mashauriano. Mwishowe Bi Marumaru akaruhusu mvuje uingie katika kiwanja lakini si katika nyumba, kwa sababu ya mapazia. Mama angepikia uani, kwenye kamba za nguo. Hereni zilihamishwa kwa muda kwenye kikombe cha chai, na mkebe ukarudi kwa mwenyewe. Badala ya jiwe la kusagia, mlango uliwekewa kiatu.

Kuhusu tawa hakuna aliyesema kitu. Mama alilitazama pale ukutani, na tundu lake katikati, akaenda kwa jirani kuazima kikaango.

* * *

Jumamosi asubuhi Mama aliamka akiwa na miaka ishirini chini ya ile ya jana. Alisaga viungo kwa mkono, akiegemea jiwe kwa uzito wa mwili mzima, mbele na nyuma, mpaka majirani wa upande wa pili wakatokeza vichwa dirishani kuuliza kuna nini leo. Dengu ilichemka taratibu katika sufuria ya alumini iliyopinda mdomo, ambayo Bi Marumaru aliomba ifunikwe na kanga ili isionekane na mgeni atakayekwenda msalani. Ukwaju uliloweshwa, ukakamuliwa, ukachujwa. Samli ilipopata moto Mama alitupa haradali, akangoja ziruke, akafuatisha jira na pilipili kavu, na mwisho mvuje, punje tu. Akaimimina yote juu ya dengu. Ule mlio uliingia mpaka sebuleni, na harufu ikaingia nyuma yake bila kuomba ruhusa ya mapazia.

Bi Marumaru alitoka akiwa amevaa tayari. Mikononi alikuwa na sufuria ya shaba, ameshatoa maua.

"Dengu iingie humu, Mama. Hiki ndicho kitakachokaa katikati ya meza."

Mama aliangalia ndani. Aliuona uso wake mwenyewe, wa dhahabu, umepanuka.

"Mkwe, humu haifai. Haina kalai, na hii ina ukwaju. Ukwaju na shaba havi..."

"Mama." Bi Marumaru alifunga macho, akayafungua. "Wageni wako njiani. Leo si siku ya hadithi za zamani. Chombo kimeoshwa kwa sabuni ya kumi na mbili elfu. Naomba tu iingie humu."

Akarudi ndani. Mama alisimama na sufuria mikononi. Angeweza kutii, na ukweli ni kwamba wazo hilo lilipita, likakaa kidogo, likaondoka. Alichukua bakuli kubwa la stili, akalitumbukiza ndani ya ile shaba. Liliingia barabara, ukingo ukajificha chini ya mdomo wa sufuria. Akamimina dengu ndani ya bakuli. Ukiwa umesimama mezani ungeapa kwamba dengu imelala katika shaba.

* * *

Wageni walikuja wakiwa na njaa, jambo ambalo kwa wageni wenye vyeo si la kawaida. Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi mpole aliyekula bila kuongea. Mke wake aliongea kwa niaba ya wote wawili. Aliisifu marumaru, aliyasifu makabati, aliisifu saa ya tawa na kuuliza nani alikuwa na wazo zuri namna ile. Lakini aliposimama mbele ya sufuria ya shaba alishika kifua.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ni ya ukoo," alisema Bi Marumaru. "Sisi dengu yetu hatuipiki kwenye chombo kingine."

Afisa aliitikia kwa kichwa, mdomo ukiwa umejaa.

"Na siri yake ni nini? Maana hii ladha..."

Bi Marumaru hakuwa na siri, lakini hakuwa mtu wa kumnyima mgeni. Alisema siri ni kuiacha ilale. Ukishapika na ukwaju wako, alisema, unaiacha humo humo ndani ya shaba mpaka kesho yake, ndipo inapokolea. Hii ya leo imelala tangu jana. Aliyasema haya kwa utulivu mkubwa, na dengu yenyewe ilikuwa bado inatoa moshi.

Mama aliingia na chapati, amezifunika kwa kitambaa. Alikuwa amebadilisha gauni, amejifunga ushungi wake wa heshima, lakini majivu kidogo yalibaki kwenye mkono. Kiti chake hakikuwepo mezani, vilikuwa vinne. Akaweka chapati karibu na Mkurugenzi, wa kwanza kuacha kula na kumwangalia.

"Ahsante sana, mama. Ni wewe uliyepika?"

"Nimesaidia," alisema Mama.

Mke wa Mkurugenzi alicheka kwa furaha. "Jamani, mpishi wenu mmempata wapi? Mimi wa kwangu hata wali unamshinda."

Kulikuwa na nafasi hapo, si kubwa, lakini mtu mwenye neno angeweza kuliingiza. Bi Marumaru alimwangalia mumewe. Afisa aliiangalia sahani yake. Mama alimwangalia mwanawe, akangoja, na katika kungoja kule alijirekebisha ushungi.

"Tuko naye miaka mingi," alisema Bi Marumaru.

Afisa akachukua chapati. Alikata kipande, akachovya dengu, akala. Ilikuwa tamu kama ilivyokuwa alipokuwa na miaka saba.

Mama alirudi jikoni akasimama karibu na kaunta ya marumaru. Hakulia. Aliumia, aliumia sana, mahali ambapo hata kifo cha mumewe hakikupafika, kwa sababu mumewe hakufa kwa makusudi.

Wakati wa kuaga, mke wa Mkurugenzi alirudi kwa mara ya nne kwenye sufuria. Akaipapasa. Akasema angetoa chochote apate kama ile. Afisa akamwangalia mkewe, mkewe akamwangalia Afisa, na uamuzi ukapita hewani juu ya kichwa cha mwenye mali.

"Ichukue," alisema Afisa. "Kwetu itakuwa heshima."

Dengu iliyobaki ilitolewa, na bakuli la stili likaonekana. Bi Marumaru alisita kufumba na kufumbua, akasema wanaliweka wakati wa kupakua tu, kwa ajili ya usafi. Mgeni akasema ni wazo zuri sana.

Mama alikuja mpaka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Samahani, mama. Kabla hujaipikia hiyo, inabidi kwanza..."

"Dada, chapati zinaungua huko," alisema Bi Marumaru, na kumgeuza kwa bega taratibu.

Hakukuwa na chapati motoni. Na hakuwahi kumwita Mama mkwe wake dada mpaka siku ile. Gari la Mkurugenzi likaondoka, sufuria imekaa kiti cha nyuma, imefungwa mkanda.

* * *

Jumanne, saa tano asubuhi, Afisa alirudi nyumbani bila mkoba. Mama alikuwa chumbani anakunja nguo. Begi lake lilikuwa limejaa nusu. Bi Marumaru alikuwa jikoni na fundi wa makabati, wanachagua rangi ya rafu. Afisa alimwomba fundi aje siku nyingine.

Mke wa Mkurugenzi alipika dengu Jumapili. Aliweka ukwaju mwingi, kwa kuwa aliupenda. Akaiacha ilale katika shaba mpaka kesho yake, kama alivyofundishwa. Jumatatu mchana aliwaalika wenzake wanne wa kikundi chao, na Mkurugenzi akapita nyumbani kula. Kabla ya saa kumi watu sita walikuwa wamepanga foleni ya msala mmoja, na wawili kati yao walimalizia siku kwenye dripu. Daktari aliuliza chakula kilipikwa kwenye nini. Alipoambiwa, aliomba kuletewa chombo, akachungulia, akauliza ni mtu gani mwenye akili zake aliyewapa kitu kama hiki.

"Mke wa Mkurugenzi anauliza kama tulijua," alisema Afisa. "Mkurugenzi mwenyewe hakunisemesha asubuhi. Mke wake atapiga simu sasa hivi, nimemwambia atapata maelezo."

"Maelezo gani?" aliuliza Bi Marumaru.

Waliangalia ule mlango tena. Safari hii hawakubisha.

Afisa ndiye aliyesema, na tumpe sifa kwamba alisema akiwa amesimama, na maneno yalimtoka moja moja. Mama anajua wazee wanasahau. Hakuna anayemlaumu mzee kwa kusahau. Kama Mama angemwambia yule mama kwamba yeye ndiye aliyekuwa anajua habari za kalai, na kwamba alisahau kuwaambia, basi yangeishia hapo.

"Niliwaambia," alisema Mama.

"Najua."

"Siku ilipoletwa, nilisema. Jumamosi uani, nilisema. Mlangoni nikaanza kusema."

"Najua, Mama."

"Na hiyo safari ya kesho," Bi Marumaru aliingiza kwa haraka, "tunaweza kuiacha tu. Hiki chumba si lazima kiwe stoo. Utakaa hapa Mama, kwa raha zako, hata milele."

Kwa hiyo ndicho hicho, kile kitu ambacho Mama aliona aibu kukiomba, kimeletwa mpaka kitandani. Bei yake ilikuwa sentensi moja. Mama alikunja gauni alilolishika, akalikunja tena mara ya pili. Simu ikalia mkononi mwa Afisa. Bi Marumaru akabonyeza spika ili wote wasikie, akamkabidhi Mama.

"Nani mwenzangu?" sauti iliuliza. Ilikuwa dhaifu, lakini haijapoa.

"Ni mimi, mama. Yule mpishi wa Jumamosi."

Afisa aliinua kichwa.

"Ahaa. Wewe ndiye nilikuwa nakutafuta."

"Kwanza pole sana. Wale waliolazwa wanaendeleaje?"

"Wametoka. Hawana nguvu, ila wametoka."

"Dengu ilikuwa na ukijani pembeni?"

"Nilidhani ni giligilani."

"Ilikuwa shaba, mama. Ile sufuria imetoka kalai, haifai kupikiwa mpaka ipakwe upya. Mliobaki mnywe maji mengi, na atakayeona bado anatapika arudi hospitali leo leo, asingoje."

"Ulikuwa unajua?"

Mama alimwangalia mwanawe. Alimwangalia kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kwenye nywele ambazo zimeanza kurudi nyuma kama za baba yake. Mwanawe aliangalia begi.

"Nilisahau kuwaambia," alisema Mama. "Ni uzee. Waajiri wangu hawakujua lolote, wasilaumiwe."

"Waajiri wako ni watu wapole. Mimi ningekuwa wao nisingekuacha jikoni hata siku moja zaidi."

"Na wao wameona hivyo hivyo. Naondoka leo."

Bi Marumaru alifungua mdomo. Mama aliinua kidole kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu ukarabati uanze, Bi Marumaru alikatizwa yeye.

"Jambo moja, mama. Ile sufuria ni yangu, si ya hapa. Nilikuja nayo, wao niliwaazima tu kwa meza. Dereva wako anaweza kunipelekea ninapokwenda, nitaipeleka kwa fundi mwenyewe." Akataja mtaa wa binti yake, na kibanda cha cherehani kilipo, polepole, mpaka aliposikia kalamu imeacha kuandika. Akaaga kwa adabu, akairudisha simu.

* * *

Bi Marumaru alikuwa wa kwanza kupumua. Alisema Mama amewaokoa, alisema hatasahau, alisema hayo ya kuondoka yalikuwa ya kwenye simu tu, sasa afungue begi wanywe chai.

"Nitakaaje?" alisema Mama. Alikuwa ameshaanza kufunga zipu. "Mpishi aliyewalisha watu sumu haachwi jikoni. Mkurugenzi akipita hapa akanikuta bado nipo, atamwonaje Afisa wake?"

"Mama, baki," alisema Afisa. Safari hii alimaanisha; hata mkewe alisikia kwamba amemaanisha. "Tafadhali. Mimi nakuomba ubaki."

"Uliniomba nisahau, nimesahau. Mawili kwa siku moja ni mengi kwa mzee."

Alipitia jikoni akachukua mkebe wake wa viungo, ambao bado ulikuwa na haradali ya Jumamosi. Jiwe la kusagia lilikuwa zito. Akamwambia Afisa kwamba dada yake atatuma watu walifuate. Chini ya saa ya ukutani alisimama kidogo. Ilikuwa saa sita na robo. Hakuigusa, maana tawa likishatobolewa halina la kufanya zaidi ya kuonyesha saa.

Afisa alibeba begi mpaka barabarani. Alisimamisha teksi, akaweka begi nyuma, akamfungulia mama yake mlango, akasimama ameushika. Dereva alisikia mtaa wanaokwenda, akasema ni mbali, na huyu abiria ni mtu mzima, asingependa kufika huko akakosa mwenyeji. Akatoa simu.

"Nipe namba yako. Wewe ni nani wake?"

"Ni mama yangu," alisema Afisa.

Alilisema vizuri, kwa sauti, barabarani, mchana kweupe, mbele ya mtu asiye na cheo chochote cha kumpa. Mama alikuwa anaangalia mbele, mkebe umekaa mapajani, na mkono mmoja juu ya kifuniko ili haradali zisimwagike.

"Sawa," dereva alisema, huku akiandika. "Basi usukume huo mlango kwa nguvu, huwa haufungi."